Akiba Haifutwi

Kila Jumatano, baada ya misa ya asubuhi, wazee kumi na wawili wa Kibosho walikutana kwenye chumba cha mafundisho nyuma ya kanisa, kila mmoja na simu yake ya kurithi. Kwa habari ya simu urithi umegeuka: wazazi ndio wanaorithi kutoka kwa watoto. Kijana akipata simu mpya huko Dar es Salaam, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka hupanda mlimani kwa mama, pamoja na sukari na kanga. Na simu hizo, kama ng'ombe anayeuzwa akiwa mzee, huja na tabia zake. Moja inajizima. Nyingine inaganda ukiwa katikati ya maneno. Nyingine inakuambia asubuhi, mchana na jioni kwamba nafasi imejaa, utadhani umeijaza wewe.

Mwalimu wao alikuwa Mzee Primus Mallya. Hakuwa mwalimu wa serikali. Alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye stoo ya kiwanda kimoja cha kahawa mjini Moshi, akianza kama mbeba magunia asiyeweza kusoma jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya mshahara. Kusoma alijifunzia ngumbaru, jioni, mikono ikinuka magunia, na hakukoma hapo; aliendelea na masomo ya jioni mpaka akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na mwanawe wa kwanza. Mtu wa namna hiyo hachezei maneno. Simu yake aliiweka kwa Kiswahili, na za wanafunzi wake wote akaziweka kwa Kiswahili, kwa hoja kwamba chombo kinachokula umeme wa nyumba yako hakina budi kuzungumza lugha yako.

"Mjukuu wangu anasema hii inaitwa 'app'," alisema Mama Priska siku moja.

"Inaitwa programu tumizi."

"Programu tumizi," Priska alirudia polepole. "Ndiyo maana simu yangu imejaa. Neno lenyewe tu ni debe zima."

Primus alikuwa na daftari la kanuni. Ya kwanza, simu haichajiwi juu ya godoro. Ya pili, namba ya siri haiandikwi nyuma ya simu. Ya tano, aliyoiandika kwa wino mwekundu na kuipigia mstari, ilisema: AKIBA HAIFUTWI.

Kanuni hiyo hakuambiwa na mtu. Aliifikia kwa akili yake mwenyewe, na kwa hiyo aliipenda kuliko zote. Simu ikijaa, alieleza, unaingia kwenye mipangilio, unachagua programu iliyonenepa, na hapo unakuta vitufe viwili. Kimoja kinasema Futa data. Cha pili kinasema Futa akiba. Sasa mtu asiyesoma atabonyeza chochote. Lakini mtu aliyesoma atajiuliza: data ni nini? Data ni bando, ile ya kuvuta intaneti. Ikiisha unanunua nyingine dukani. Na akiba ni nini? Hapo Primus alikuwa akiwatazama mmoja mmoja.

"Haiozi," walijibu wazee kwa pamoja, maana walikuwa wamefundishwa methali hiyo tangu utotoni.

"Basi. Kitu kisichooza mtu anakifuta cha nini?"

Jumatano moja ya mwezi wa saba, Kornelia aliinua mkono. Alikuwa mjane wa Remigius, na Remigius na Primus walipata kipaimara siku moja, wakapanda mibuni yao ya kwanza msimu mmoja. Kwa hiyo Primus alimwita shemeji, na yeye vivyo hivyo.

"Shemeji, hii simu inanizimikia. Jana nimeiwasha mara tano. Ikiwaka inasema nafasi imejaa, halafu inazimika tena."

"Imechoka na rozari zenu," alisema Mzee Elimringi kutoka nyuma. Elimringi alikuwa Mlutheri wa Machame aliyeoa Kibosho, na hakuacha nafasi kama hiyo ipite.

"Nyamaza wewe, ya kwako imejaa mapambio," Priska alimjibu.

Primus aliipokea simu. Ilikuwa ya miaka saba, nyuma imefungwa kwa mpira wa chupi ili mfuniko usifunguke. Akaenda kwenye mipangilio, akapata kwamba WhatsApp peke yake imekula zaidi ya nusu ya nafasi.

"Huyu hapa mlafi," alisema.

"Lakini shemeji," Kornelia aliinuka, akaja mpaka mezani, "humo yumo Remigius."

Wote walijua maana yake. Miaka mitatu nyuma, Remigius alilazwa hospitali mjini wiki tatu. Wodi haikuruhusu wageni, na Kornelia mwenyewe alikuwa kitandani nyumbani, kifundo cha mguu kimevunjika. Remigius hakuweza kuandika kwa sababu ya sindano iliyochomekwa mkononi, basi alikuwa akimtumia sauti. Leo habari za ng'ombe, kesho habari za mibuni, keshokutwa kumcheka mgonjwa wa kitanda cha pili anayeimba usingizini. Wiki tatu za sauti, kisha akafa. Watoto walishamnunulia Kornelia simu nyingine, mpya. Imekaa kabatini kwenye boksi lake.

"Remigius tutamwacha palepale alipo," alisema Primus. "Ndiyo maana tuna kanuni ya tano."

Akabonyeza Futa data. Simu ikauliza, kama karani wa zamani, kama ana uhakika. Primus aliinua miwani, akasoma kwa sauti ili darasa zima lifaidike: "Data yote ya programu hii itafutwa kabisa." Akatabasamu. "Mmesikia? Imesema data. Akiba haikutajwa." Akabonyeza Sawa.

WhatsApp ilifunguka ikiwa tupu, ikawakaribisha kama wageni, ikaomba namba. Primus akaiandika. Ikauliza kama warejeshe nakala rudufu. Hapo alifurahi zaidi.

"Rudufu ni kitu kilichotolewa mara mbili. Kumbe ndivyo vilivyoijaza simu! Tunaruka." Akabonyeza Ruka.

Simu ikawa nyepesi kama ya dukani. Ukigusa, inaitika. Wazee wakapiga makofi, na Elimringi akasema hata daktari wa mkoa hafanyi hivyo. Kornelia akaichukua, akaisogeza karibu na jicho lake la kushoto, lile lenye nafuu, maana la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. Akatelezesha kidole chini. Akatelezesha juu.

"Remigius yuko wapi?"

"Ngoja ipakie."

Wakangoja. Kengele ya saa nne ikalia. Mtu mmoja akakohoa. Primus akaichukua tena, akatafuta kwa jina, akatafuta kwa namba, akaizima na kuiwasha. Mwishowe aliiweka mezani.

"Ni simu mbovu hii," alisema. "Ya zamani sana."

Kornelia aliifunga kwenye leso yake. "Basi, mwalimu," alisema, akatoka.

Tangu alipoolewa Kibosho, hakuwahi hata siku moja kumwita Primus mwalimu.

Nyumbani Primus alifungua kamusi yake kubwa, ile aliyoifunika kwa karatasi ya kaki. Akiba: kitu kilichowekwa kwa ajili ya matumizi ya baadaye. Aliisoma mara tatu. Kamusi ilikuwa upande wake, na haikumsaidia kitu.

Asubuhi alikwenda mpakani mwa kihamba chake, shamba linalozunguka nyumba, akakata jani la sale. Uchaggani jani hilo lina kazi mbili. Likiwa ardhini linaonyesha mwisho wa shamba lako; likiwa mkononi linaomba msamaha. Anayepelekewa sale hana ruhusa ya kukataa, hata kama aliyemkosea amemchomea nyumba. Primus alilifunga fundo kama alivyofundishwa na baba yake, akavaa koti, akashuka kwa Kornelia.

Alimkuta akimkatia ng'ombe migomba. Kornelia aliona jani kabla hajamwona mtu.

"Usinipe hilo."

"Shemeji, nimekuja kwa..."

"Najua umekuja kwa nini. Nikilishika, lazima nisamehe leo. Mimi leo bado." Alipiga panga, mgomba ukagawanyika. "Wanaume mnapenda mambo yenu. Mnakosea Jumatano, Alhamisi asubuhi mnataka yawe yameisha na chai imechemka. Lirudishe mpakani."

Primus alisimama na jani lake kama mtu aliyefika kwenye harusi na shada la msiba. Mwishowe alilichomeka kwenye ua, kati ya masale mengine.

"Simu nilisema ni mbovu," alisema. "Si kweli. Sijui nilichofanya, lakini nimefanya mimi."

Kornelia aliendelea kukata. Ng'ombe alitafuna, akawatazama wote wawili.

"Zile sauti zake nyingine nazijua kwa moyo," alisema hatimaye. "Hata zikipotea, naweza kukusomea. Iko moja sikuifungua."

"Hukuifungua?"

"Siku ile simu ilikuwa imezimika, haina chaji. Mdogo wake Remigius alileta habari ya kifo saa sita. Jioni simu ilipowashwa, Remigius alikuwa amenitumia. Ile alama ya kipaza sauti ilikuwa ya kijani, maana yake sijaisikiliza. Wengine wanaleta pole, na yeye amekaa hapo katikati, kijani." Aliweka panga chini. "Nikiisikiliza, basi. Hatakuwa na neno jipya la kuniambia tena. Nikaiweka akiba."

Primus alifunga vifungo vya koti.

"Yuko fundi mjini," alisema. "Namjua tangu kiwandani. Nipe simu niende sasa hivi."

"Simu hii haitoki mkononi mwangu tena. Ukienda, tunakwenda wote."

Fundi huyo alikuwa Hasmukh, mzee wa Kihindi wa miaka sabini na moja, aliyezaliwa palepale Moshi kwenye vyumba vya juu ya duka la baba yake. Baba alikuwa akitengeneza redio zile za zamani zenye taa za kioo ndani. Hasmukh alianza na redio, akaenda kwenye kaseti, akaenda kwenye televisheni, na sasa simu. Wakati wa kiwanda, ndiye aliyekuwa akitengeneza kipaza sauti cha kutangazia zamu.

"Shimboni, meku," alimsalimia Primus. Meku ndiyo mzee, na Hasmukh alilitamka neno hilo kama mtu wa Kibosho kabisa. "Bado unasoma magazeti mpaka ukurasa wa vifo?"

"Siku hizi naanzia huko."

Hasmukh alicheka, akamwangalia Kornelia, akaacha kucheka. Alivuta kiti. Kornelia alifungua leso, akaweka simu mezani bila kuiachia, mpaka Hasmukh alipomwambia, "Mama, mimi naigusa tu. Wewe shika upande huo, mimi nashika huu." Na hivyo ndivyo walivyoutoa ule mpira na mfuniko, mikono mitatu.

Betri ilikuwa imevimba kama andazi.

"Hiki ndicho kinachoizima," Hasmukh alisema. "Si nafasi wala nini. Hata mngefuta dunia nzima, ingezimika. Na ni hatari, ingeweza kuwaka moto. Nani alisema tatizo ni kujaa?"

"Mimi," alisema Primus.

"Halafu ukafanya nini?"

Primus alieleza, neno kwa neno, na vitufe vyake, na kanuni ya tano. Hakupunguza kitu. Alipofika kwenye bando, Hasmukh aliweka bisibisi chini.

"Akiba! Meku, akiba gani? Hicho ni kiporo. Programu ikishapika, inaweka makombo pembeni ili kesho isianze kuwasha moto upya. Ukifuta kiporo, nani analia? Itapika tena. Lakini data, data ndiyo nyumba yenyewe, na sufuria, na mwenye nyumba ndani. Wewe umeacha kiporo, umebomoa nyumba."

"Na nakala rudufu?"

"Ulikataa na hiyo?" Hasmukh alijishika kichwa. "Hiyo ilikuwa ni fundi amesimama mlangoni na matofali, anauliza, nijenge upya? Ukasema, hapana, asante."

Kornelia aliutazama ukuta. Primus alisema kwa sauti ndogo, "Aliyeandika akiba pale, kwa nini hakuandika kiporo?"

"Labda hajawahi kula kiporo," alisema Hasmukh.

Aliweka betri mpya, akaunganisha simu na kompyuta yake. Kwanza zilimiminika picha: maua, mishumaa, vikombe vya chai, jua linachomoza, kila moja na maneno. Hasmukh alisoma: "'Neno la leo. Elimu ni bahari.' Huyu nani anayetuma neno la leo kila siku? Ziko mia nane hapa."

Kornelia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, alimwangalia Primus usoni. Primus aliangalia viatu vyake.

"Nafasi ilikuwa imejaa wewe," alisema Kornelia.

Baadaye Hasmukh alisogea kwenye kioo, akafungua folda moja. "Mama," alisema, "una bahati ya simu ya zamani. Hizi za zamani, sauti zilikuwa zinakaa chumba cha nje. Alibomoa nyumba, chumba cha nje kimebaki. Sauti zipo. Lakini majina yamekwenda na nyumba. Hakuna nani kamtumia nani, hakuna iliyosikilizwa na isiyosikilizwa. Ziko elfu mbili na kitu, zote zimeandikwa manamba tu."

Primus alisogea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesoma namba kwenye magunia, namba ambazo kwa mpita njia ni vurugu, na kwa mtu wa stoo ni kahawa ya nani, ya msimu gani, imeingia siku ipi.

"Hizi si manamba tu," alisema. "Hii elfu mbili ishirini na moja ni mwaka. Sifuri sita ni mwezi. Sifuri nne, tarehe nne. Hizi ni loti, Hasmukh."

Hasmukh alitazama, akapiga goti lake. "Mimi nimeshaanza kuzeeka, bwana."

Wakatenga zile za kuanzia mwisho wa mwezi wa tano hadi tarehe kumi na tisa ya mwezi wa sita, siku aliyokufa Remigius. Zilibaki mia mbili themanini na tatu. Hasmukh alizinakili kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye kompyuta yake pia, akaapa kwa mama yake kwamba hazitaguswa.

Kornelia hakutaka Primus azisikilize. Lakini namba zile ndogo jicho lake lisingeweza kuzisoma, na watoto walikuwa mbali. Kwa hiyo kuanzia Jumamosi, baada ya kukamua, walikaa barazani kwake, kigoda kati yao, simu juu ya kigoda. Primus anasoma namba na kubonyeza, Kornelia anataja jina, Primus anaandika kwenye daftari.

Zilikuwa sauti za watu wote. Katibu wa jumuiya anatangaza zamu ya kufagia kanisa. Mtu aliyekosea namba anauliza bei ya nguruwe. Kornelia mwenyewe, sauti yake ya miaka mitatu nyuma, anamwambia mumewe kwamba ametembea mpaka mlangoni kwa mikongojo. Kisha ghafla, bila kubisha hodi, Remigius: "Kornelia, ng'ombe asipewe majani yenye umande, tumbo litamjaa. Na mimi hapa wamenipa uji, unafanana na ule wa ndama." Kornelia alifunga macho, midomo yake ikifuata maneno. Primus aliandika namba, akaandika jina la rafiki yake, na ikambidi angoje kidogo kabla hajabonyeza inayofuata.

Siku ya Jumatatu ikatoka sauti ya Priska, kali kama filimbi: "Kornelia, leo umekosa! Primus amesoma somo jumuiyani kama anatangaza mpira. Halafu akatusahihisha sala. Sala, mwenzangu! Nikamwambia Mungu anajua Kichagga..."

Kornelia alinyoosha mkono kuizima.

"Iache iishe," alisema Primus.

Iliisha kwa kicheko kirefu. Primus akaandika, akisema maneno kwa sauti kadiri anavyoandika: "Priska. Habari zangu."

"Ziko nyingine nne za hivyo," Kornelia alimwonya.

"Nitaacha mistari."

Jumatano ilifika. Primus aliingia darasani, akaandika ubaoni kanuni ya tano kama ilivyokuwa, kisha akaikata.

"Niliwafundisha uongo," alisema. "Akiba ya simu ni kiporo, ifuteni kila mwezi. Data ndiyo msiiguse. Na betri ikivimba, nendeni kwa fundi, msije kwangu."

Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa lawama. Hakujiandaa kwa Elimringi.

"Sasa methali je? Akiba haiozi?"

"Kiporo kinaoza."

"Kwa hiyo tangu mwaka jana tunakula kiporo, mwalimu wetu!"

Darasa lililipuka. Priska alicheka mpaka akafuta machozi, na Primus aliyakubali yote akiwa amesimama wima, chaki mkononi. Kiti cha Kornelia kilikuwa kitupu. Baada ya somo watatu walimletea simu zao awatazamie betri, jambo ambalo hakulitegemea.

Alhamisi walifika tarehe kumi na tisa.

"Hapa ziko arobaini na moja," alisema Primus. "Shemeji, hakuna rangi ya kijani tena. Nikibonyeza, sitajua ni ipi mpaka iwe imeshatoka. Tunaweza kuziacha. Nikuandikie tu: tarehe kumi na tisa, hazijafunguliwa. Zitakuwa akiba yako, zote arobaini na moja."

Kornelia alifuta kioo cha simu kwa ncha ya kanga. Ndani ya banda ng'ombe aligonga ubao kwa pembe.

"Wiki nzima nimemsikia," alisema. "Kila akianza kusema, mimi nawaza ile ya mwisho. Miaka mitatu nimeogopa ataniaga nami sina jibu. Bonyeza."

"Nitoke nje ya ua?"

"Utabonyeza ukiwa nje ya ua?"

Ya kwanza ilikuwa pole ya padri. Ya pili, dada yake wa Sanya Juu, analia tu. Ya tatu na ya nne, pole. Kila moja Kornelia aliitaja jina, na sauti yake ilikuwa kavu. Ya saba ilianza na kelele za magurudumu ya kitanda, mtu anakohoa, kisha:

"Kornelia. Jana nimesahau. Ufunguo wa stoo usiutafute kwenye koti, nimeuweka kwenye kopo la rangi, juu ya mlango, upande wa ng'ombe. Kahawa isikae humo, itaota ukungu. Haya. Nesi huyu anakuja na sindano yake."

Ikaisha.

Primus hakuthubutu kuinua kichwa. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi na haikuandika kitu. Alisikia mlio, akadhani ni kilio, akaanza kutafuta neno la kusema, na kumbe Kornelia alikuwa anacheka. Alicheka ameshika mbavu, kanga imemdondoka begani.

"Ufunguo!" alisema. "Nimetafuta ule ufunguo mwezi mzima, mguu mbovu! Nimepekua makoti yote! Nikamwita mtu akakata kufuli kwa msumeno, na ndani magunia mawili yameshaota ukungu! Remigius! Na wewe ulikuwa umeniambia!"

"Amekwambia siku ileile," alisema Primus.

"Siku ileile! Na mimi nimemkalia!"

Alinyanyuka, akaenda nyuma. Primus alisikia mlango wa banda, akasikia kigoda kikiburutwa na kitu cha bati kikianguka. Alitaka kwenda kusaidia, akajizuia. Kornelia alirudi na ufunguo kiganjani, mwekundu kwa kutu, pamoja na utando wa buibui kwenye nywele. Hakuwa anacheka tena. Machozi yalikuwa yanashuka bila shida yoyote, kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa zamu yake ilipofika. Alikaa, akaweka ufunguo kwenye kigoda kando ya simu.

"Irudie, shemeji," alisema.

Primus akairudia. Magurudumu, kikohozi, koti, kopo la rangi.

"Hapo anaposema 'haya'. Umesikia? Ndivyo alivyokuwa akisema akitoka asubuhi kwenda shambani. Irudie."

Akairudia tena. Mara ya nne hakungoja kuambiwa.